Shoka la Kuvunjwa

Cheche hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na baba yake mhunzi, kwa sababu tangu ana miaka sita alikuwa anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Wapo waliodhani ndoa itampoza. Wacha wee! Mume aliishi naye miaka ishirini na mitatu, na mpaka anafariki alikuwa anawaambia rafiki zake kwamba nyumbani kwake kiberiti hakinunuliwi.

Kwa maneno yake ungetegemea jitu la mwanamke. Hapana. Ni mfupi, mwembamba, miaka hamsini na tisa, kichwani kitambaa kilichotobolewa na moto. Karakana ya baba aliirithi pamoja na mdogo wake wa kiume, wao wawili tu. Yeye alishachukua nyundo tangu ujana. Mdogo wake alichukua kalamu, akawa karani miaka thelathini, na sasa mtaani wanamwita Mstaafu. Analipenda jina hilo. Linawakumbusha watu kwamba kuna mahali aliwahi kuajiriwa.

Baba alipofariki, Mstaafu alitaka karakana ipangishwe. Alisema mbele ya ndugu wote waliokusanyika: "Dada, hiyo kazi itakuua. Na kabla haijakuua wewe, itamuumiza mtu mwingine."

Hapo Cheche akachemka. Alisimama katikati ya watu, mkono juu. "Nisikilizeni nyote! Siku chuma changu kitakapomtoa mtu damu kwa kosa langu mimi, nitaweka nyundo chini, na funguo nitamkabidhi huyu mkononi. Naapa kwa kaburi la baba, udongo wake haujakauka bado."

Watu wakaguna. Mjomba mmoja akanong'ona kwamba ulimi hauna mfupa. Lakini miaka minane ikapita bila mtu kukwaruzwa, na Cheche akatembea mtaani kifua mbele, hamwogopi mtu.

Mwanzoni alifua majembe na visu vya jikoni kama baba yake. Kisha akaja Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu wa shule kweli, wa jiografia, mwanamke wa miaka arobaini hivi, ila kila likizo alikuwa anawachukua watu wazima, watu wenye nyumba zao na magodoro yao, anawapeleka msituni siku tano. Hawabebi hema. Hawabebi jiko. Kila mtu ana blanketi, sufuria, kamba, kisu kimoja na shoka moja, basi. Kibanda wanajenga kwa matawi, vijiko wanachonga, na moto wanauwasha kwa kuni walizopasua wenyewe, hata kama mvua imenyesha wiki nzima.

Cheche alipoelezwa alicheka mpaka akaegemea fuawe, lile pande la chuma analofulia. "Yaani mtu anaacha kitanda chake kwa hiari?"

"Kwa hiari, Mama."

"Na ana akili timamu?"

"Wengi wao."

Lakini Mwalimu alipotoa mkobani shoka lake la dukani, limepakwa rangi nyekundu na makali yamekunjika kama kifuniko cha kopo, Cheche aliacha kucheka. Alilielewa tatizo lake upesi kuliko la mteja yeyote aliyewahi kumhudumia. Mtu aliye porini na vyuma viwili tu, kimoja kikiharibika, amebaki na nusu ya maisha yake.

Basi akaanza kuwafulia. Kichwa cha shoka lake ni kidogo, uzito wa chupa ya soda iliyojaa, kimetoka kwenye springi ya lori. Mpini anauchonga Seremala, jirani wa ukuta kwa ukuta, urefu wa mkono kutoka kwapani hadi kiganjani. Kisu chake makali hayazidi upana wa kiganja, na chuma kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho, ili hata mti wa mpini ukipasuka, kisu kibaki kisu. Mapambo hakuna. Mteja mmoja aliwahi kuomba achorewe simba kwenye kisu chake. Cheche akamuuliza, "Huyo simba atakusaidia kukata kuni?" Mteja akachukua kisu kilivyo.

Sasa ili uelewe balaa lililompata, lazima ujue kwa nini karakana yake ilikuwa giza. Madirisha yote mawili aliyaziba kwa magunia, na nyufa za ukutani akazipaka udongo. Majirani wasiojua walidhani ni ufukara. Wasiojua zaidi walidhani ni uchawi. Kumbe ni kazi. Chuma kikiwa motoni hubadilika rangi, na kuna rangi moja tu, wekundu wa nyanya iliyoiva barabara, ambayo ukiiona unakitoa na kukizamisha kwenye mafuta ili makali yawe magumu. Ukiwahi, makali yatakunjika. Ukichelewa, yatakuwa magumu lakini ndani chuma kimeharibika, kinavunjika kama biskuti. Kati ya kuwahi na kuchelewa ni kuhesabu moja hadi tano. Na rangi ile huonekana vizuri gizani tu. Kwenye mwanga mkali, chuma kilichokwisha kupitiliza kitaonekana bado hakijafika, kikudanganye mchana kweupe.

Kisha kuna hatua ya pili: chuma kile kigumu hurudishwa kwenye moto mdogo kupunguzwa ugumu, na hapo rangi ya kutazamwa ni ya asali, tena hiyo inataka jua. Ndiyo maana kila mara Cheche alionekana akitoka mbio na koleo lake mpaka mlangoni, anakigeuza chuma kwenye mwanga, anarudi ndani. Mtu asiyejua angedhani bibi huyu anateseka kwa kukosa mwanga.

Mdogo wake alidhani hivyo hivyo. Na kosa, nakwambia, liliingia kwa mlango wa mapenzi.

Cheche aliugua malaria, ikamlaza wiki mbili. Mstaafu ndiye aliyemuuguza, akampikia uji kwa mkono wake mwenyewe, uji wenye mabonge, na akamsimamia mpaka aumalize. Na katika wiki hizo hizo akapanda juu ya karakana, akang'oa mabati matatu yaliyo juu ya tanuri, akaweka mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga. Akang'oa magunia madirishani. Akafagia. Cheche alipopata nguvu za kutembea, alishikwa mkono akapelekwa kuona.

"Si kila saa unakimbilia mlangoni kutafuta mwanga, Dada?" Mstaafu alisema. "Sasa mwanga umekufuata ndani."

Karakana yote iliwaka jua. Cheche alitaka kusema. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, na kwake maneno hayajawahi kukaa mdomoni muda mrefu. Lakini alimtazama mdogo wake: shati limelowa jasho, vidole vimechubuliwa na misumari, anasubiri kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Moyo ukamlegea. Akasema, "Ahsante, mdogo wangu." Ndilo neno pekee la uongo ninalojua amewahi kulisema, na tazama lilivyomtokea puani.

Alijiambia kwamba jicho lenye miaka arobaini kazini litazoea. Akafua mashoka kumi na mawili ya Mwalimu chini ya ule mwanga mpya. Alipopitisha tupa juu ya makali, tupa iliteleza, ishara kwamba ni magumu. Yalikuwa mazuri kuyatazama. Mwalimu akaja kuyachukua, akashukuru, akaenda zake msituni.

Baada ya siku saba akarudi, anachechemea. Mguu mmoja wa suruali umekunjwa, na chini ya goti kuna bandeji. Nyuma yake mtu wa mkokoteni alibeba gunia lililokuwa likilia vyuma. Seremala, ambaye hakuna jambo linalopita bila yeye kutoka nje na randa mkononi, alitoka nje na randa mkononi.

"Nilikuwa napasua fundo la mti mkavu, Mama," Mwalimu alisema akiwa ameketi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma Cheche zaidi. "Pigo la tatu, kona ya makali ikaruka. Ikaingia hapa. Nyuzi sita. Hayo mengine nimeyarudisha yote, sikutaka mtu mwingine ayaguse."

Akampa shoka. Cheche akalipeleka machoni, akatazama pale lilipovunjika. Chuma kizuri kikivunjika, ndani yake ni laini na cha kijivu, kama unga. Hiki kilikuwa na chembe kubwa zinazometameta, kama sukari.

"Pengine ndani ya fundo kulikuwa na jiwe," Seremala alidakia, akimkonyeza Cheche. "Miti humeza mawe. Mimi mwenyewe nimeshaona."

"Nyamaza wewe," Cheche alisema. "Njia ya mwongo ni fupi, na mimi na miguu yangu hii sitaki kufika haraka."

Akalifungua gunia. Akachukua shoka la pili, akalibana kwenye jiliwa la mezani, kile chuma chenye taya mbili, akaishika nyundo kubwa kwa mikono miwili. Pigo moja, kichwa kikakatika. Sukari. La tatu, sukari. Alipofika la tano, Mwalimu alimwambia, "Inatosha, Mama, nimeelewa."

"Haitoshi. Mimi sijaelewa."

Akayavunja yote kumi na moja. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Kisha akamgeukia Seremala. "Lete shoka lako."

"Lipi?"

"Kwani unayo mangapi?"

"Cheche, jamani! Lile umenifulia miaka mitano iliyopita. Nalipenda kuliko ndugu zangu wengine."

"Lete. Mpini utabaki nao, nitakufulia kichwa kingine."

Alilileta akilikumbatia. Hilo halikukatika kwa pigo moja. Lilipinda kwanza, likagoma, likala mapigo saba ndipo likaachia, na ndani yake kulikuwa laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Springi ile ile ya lori, mafuta yale yale, mkono ule ule. Cheche alisimama nalo mkononi, na jua la paa lilikuwa linampiga usoni mpaka akakunja macho. Akainua kichwa, akayatazama mabati ya plastiki. Aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni, maana alikuwa anajua. Tangu siku ya kwanza alijua.

"Kosa ni langu, Mwalimu," alisema, tena kwa sauti, mtaa usikie. Akamweleza yote, ya mwanga na ya rangi. "Nimekuumiza. Pole haitoshi, lakini pole. Njoo keshokutwa, uje na mguu huo huo."

Maneno yana mbio kuliko miguu. Keshokutwa yake, kabla Mwalimu hajafika, alifika Mstaafu, na pamoja naye muuza magodoro aliyekuwa anatafuta stoo. Muuza magodoro alikuwa na futi ya kupimia kiunoni, na alikuwa ameshaivuta.

"Dada," Mstaafu alisema taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Macho yamechoka. Kuzeeka si aibu. Damu imetoka, na wewe mwenyewe uliapa. Nipe funguo, ukapumzike."

"Macho yangu hayana tatizo. Tatizo lipo juu ya kichwa chako."

Mstaafu akatazama juu. Cheche akamweleza kama alivyomweleza Mwalimu, na alipomaliza, uso wa mdogo wake ulikuwa umeshuka. "Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemuumiza yule mwalimu wa watu."

Hapo Cheche angeweza kukubali, na kiapo kingekuwa kimekwisha. Kosa la mwingine, yeye huru. Ni wangapi wasingeikamata nafasi hiyo kwa mikono miwili?

"Hapana," alisema. "Wewe ulitoboa paa. Mimi ndiye niliyeona kibaya nikakuambia ahsante. Mhunzi hapa ni nani? Kosa ni langu, damu ni juu yangu, na kiapo kimenishika barabara."

"Basi funguo."

"Sikupi."

"Uliapa, Dada! Mbele ya watu! Kwa kaburi la baba!"

"Niliapa kwa kiburi, kama vile mimi sitakosea milele. Nilikuwa mjinga. Aibu ya kuvunja kiapo nitaibeba mimi, waniseme mpaka wachoke, na baba nikimkuta nitamjibu mwenyewe. Lakini nikiweka nyundo chini leo, nani atapona? Mguu wa Mwalimu utapona? Nitakuwa nimekosea mara moja, kisha nimekimbia. Sikimbii. Mwambie rafiki yako arudishe futi yake kiunoni, nina kazi."

Akamwita Seremala na ngazi yake. Magunia yakapanda juu ya paa, mengine yakarudi madirishani, na karakana ikarudi giza. Muuza magodoro akajikwaa kwenye beseni la maji akaomba njia ya kutokea, lakini mlango ulikuwa umeshazibwa na watu waliokuja kuona, akabaki.

Kichwa cha shoka kilikuwa tayari kimefuliwa tangu jana, kinangoja moto tu. Cheche akakitia makaani. Gizani kile chuma kikaanza kuonekana, chekundu kizito, kisha wekundu ukafunguka, na yeye amekikodolea macho bila kupepesa. Watu hawakuona tofauti yoyote. Yeye aliiona. "Sasa!" alisema, na mafuta yakanguruma. Baadaye akatoka nacho mlangoni, akakitafutia rangi ya asali juani, huku anawasukuma watu kwa kiwiko. Seremala akakipachika kwenye mpini wake yatima, na Cheche akakinoa.

Mwalimu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la nje. Cheche akaliburuta gogo kavu lenye fundo kubwa kama kichwa cha mtoto, akaliweka katikati ya uwanja. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akapandisha sketi mpaka gotini, na mguu wake mtupu akaunyoosha sambamba na lile gogo, karibu kabisa, pale ambapo kipande kikiruka hakitauliza njia.

"Piga," alimwambia Mwalimu.

"Siwezi, Mama. Toa mguu."

"La kwanza ulilipiga kwa kuniamini mimi, likakuuma wewe. Hili naliamini mimi. Likiuma, liniume mimi. Piga!"

"Dada, acha wazimu!" Mstaafu alipiga kelele, machozi yameshamtoka. "Nakuomba, acha!"

"Piga, Mwalimu, mguu unaingia baridi."

Mwalimu akapiga. Kwanza kwa woga, na Cheche akamkaripia kwamba hivyo anabembeleza mtoto. Kisha akapiga kweli, mwili mzima, vibanzi vinaruka, mti mkavu unalia. Cheche alikuwa amekishika kigoda kwa mikono yote miwili, na usiniambie hakuogopa. Aliogopa, na kila mtu aliona. Mguu hakuutoa. Pigo la thelathini na ngapi sijui, fundo likaachana, pande mbili, puu.

Mwalimu akapitisha kucha juu ya makali kutoka kona mpaka kona. Akaliinua shoka watu waone: halikuwa na hata pengo la kupita sindano.

Muuza magodoro akasema stoo ya huku, kwa kweli, ni mbali na barabara. Mstaafu alikuwa amekaa kizingitini, amejifunika uso. Cheche akamwendea, akakaa kando yake, sketi bado iko gotini.

"Nilidhani nakusaidia," Mstaafu alisema.

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikotuumbua. Siku nyingine nitakutukana hapo hapo, uvumilie."

"Nitavumilia."

Mwalimu akaagiza upya mashoka kumi na mawili. Cheche akamwambia atafua kumi na matatu.

"Tuko watu kumi na wawili, Mama."

"La kumi na tatu ni la kuvunjwa. Na utalichagua wewe, mimi nikiwa nimegeukia ukuta."

Ndivyo anavyofanya mpaka leo, awe anafua visu vitano au mashoka ishirini: daima kuna kimoja cha ziada. Mteja anachagua anachotaka, Mstaafu anakibana kwenye jiliwa, Cheche anakivunja mlango ukiwa wazi, wapita njia waone. Ndani pakiwa unga, mzigo unaondoka. Mara moja palikuwa sukari, akavunja yote saba mbele ya mteja aliyetoka mbali, akamwambia arudi baada ya wiki. Walimsema, naam. Wanamsema bado, kwamba ni mwanamke aliyeapa kwa kaburi la baba yake kisha akakitafuna kiapo chake kama karanga. Anawasikia, na nyundo yake wanaisikia.

Juzi mgeni mmoja alimuuliza kama haoni uchungu kuharibu kitu kizuri namna hiyo, kazi ya siku nzima.

"Naona uchungu sana," Cheche alisema. "Sogea nyuma kidogo."

Akapiga.